Faili kubwa, laini ya kusuasua: kivinjari, programu ya kupakua, torenti au flashi ya mjini?

Mwalimu mmoja wa Kibosho aliniletea kompyuta yake dukani, hapa Moshi mjini, akisema imeingiwa na kirusi kinachokula bando. Nikafungua folda ya vitu vilivyopakuliwa. Mlikuwa na mafaili manne yenye jina moja, yote yakiishia na .crdownload, maana yake Chrome iliyaacha njiani. La kwanza halikuwa na namba, la pili lilikuwa na (1), la tatu (2), la nne (3). Nikaangalia uzito wake: megabaiti 610, 480, 702 na 390. Faili alilokuwa analitafuta, vitabu na mitihani ya sayansi iliyofungwa kwenye zip moja, lina megabaiti 900.

Ukijumlisha unapata megabaiti 2,182. Data aliyokwisha kuilipia ingeleta faili zima mara mbili na chenji ikabaki, lakini jioni nne zilikuwa zimepita na hakuwa na hata moja la kufungua. "Fundi, nikikaribia tu, mtandao unakata," alisema. "Nikirudi, naanza sifuri."

Kirusi hakikuwapo. Tangu siku ile, mtu akija kuniuliza afanyeje ili faili lishuke haraka, mimi humuuliza kwanza: mtandao ukikata, wewe unaanzia wapi? Njia nne ninazozilinganisha hapa nimezipima kwa swali hilo kuliko kwa kasi.

## Ugonjwa ni wa zamani

Waliowahi kutumia modemu ya simu ya mezani wanaujua. Modemu ya kiwango cha V.34 dari yake ilikuwa kilobiti 33.6 kwa sekunde. Ya V.90, iliyokuja mwaka 1998, iliuzwa kwa jina la 56, lakini kwenye waya wa kawaida ungeshukuru kupata 40 na kitu, na waya ukiwa na kelele modemu mbili zilikubaliana kwa 26.4 zikaishia hapo. Gawanya kwa nane upate baiti: kilobaiti tatu, nne, tano kwa sekunde. Kwa kilobaiti nne, faili la megabaiti 10 lilichukua kama dakika 43. CD moja ya megabaiti 700 ilihitaji karibu saa 50 mfululizo, simu ikiwa imeshikwa muda wote huo. Katikati ya hizo saa 50, mtu chumba cha pili akinyanyua mkonga ampigie shangazi, modemu inaachia, na kazi ya usiku kucha imekwenda.

Leo hakuna anayepiga namba ili aingie mtandaoni. Lakini panda Kibosho, Old Moshi au Marangu, ingia nyumba iliyojificha nyuma ya mgongo wa kilima, migomba pande zote, kisha tazama pembe ya skrini ya simu yako. Ikiandika E, dari kwa simu nyingi ni kama kilobiti 237 kwa sekunde, na hiyo ni hesabu ya kwenye karatasi. Mkononi ukipata kilobaiti 20 kwa sekunde ni siku njema. Ikiandika G, umerudi kwenye modemu ya mezani. Na mjini nako hatuna kinga. Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika, nchi nzima ilisuasua, wenye 4G kwa wenye E.

Kwa hiyo mbinu zilizobuniwa enzi za modemu bado zina kazi. Baadhi ya programu nitakazozitaja zilitengenezwa miaka ileile, kwa shida ileile.

## Nimepima kwa nini

Kila njia nimeiuliza maswali manne. Ikikatika, inaendelea ilipoishia au inarudi mwanzo? Bando linapotea kiasi gani bure? Uzima wa faili utaujuaje, yaani una hakika gani kwamba limefika lote na halijaharibika njiani? Na mikono: inahitaji ujuzi gani na kifaa gani?

Kasi sikuifanya kigezo cha peke yake, na nina sababu. Dari ya laini ni dari. Hakuna programu ya kompyuta yako itakayoufanya mnara wa simu ukupe zaidi ya unavyokupa. Unachoweza kufanya ni kuitumia laini yote, usibebe usichokihitaji, na usipoteze ulichokwisha kukipata. Mtu akikuuzia programu inayoongeza kasi mara tano, mwulize inaongeza kutoka wapi.

Na kabla ya njia yoyote, shughulikia laini yenyewe. Zamani tulichomoa simu za ziada ukutani, tukazima huduma ya simu kusubiri kwa sababu mlio wake ulikata modemu, tukatumia waya mfupi. Siku hizi ni kuisogeza simu dirishani upande unaotazama mnara, kuiunganisha na kompyuta kwa kebo badala ya waifai, na kufunga vingine vyote vinavyovuta data. Kompyuta ya mwalimu ilikuwa inapakua masasisho ya Windows muda uleule anaopakua faili lake, na simu yake ilikuwa inapandisha picha za harusi kwenye hifadhi ya mtandaoni. Watu watatu kwenye baiskeli moja. Windows 10 na 11 zina mpangilio wa kuiambia kompyuta kwamba laini hii inalipiwa kwa kipimo. Uwashe, na masasisho mengi yatasubiri.

## Kivinjari peke yake

Ikikatika. Watu wengi wanadhani kivinjari hakiwezi kuendelea. Kinaweza, mara nyingi. Chrome na Firefox zote zina orodha ya vilivyopakuliwa (Ctrl+J kwenye Chrome), na faili lililokwama lina kitufe cha kuendelea pale pale. Kosa la mwalimu ndilo kosa la wengi: mtandao ukirudi, yeye alirudi kwenye ukurasa wa tovuti na kubonyeza linki upya. Kwa kivinjari hiyo ni kazi mpya, ndipo zikazaliwa (1), (2) na (3). Hata hivyo, kitufe hicho si cha kukitegemea. Kuendelea kunataka ridhaa ya seva iliyo upande wa pili, na linki nyingi siku hizi zina muda wa kuisha. Ukizima kompyuta usiku ukaiwasha asubuhi, huenda kitufe hakipo tena.

Bando. Kwa faili dogo hakipotezi kitu. Kwa kubwa, umeona hesabu ya mwalimu.

Uzima. Hakikagui. Kuna nyakati laini hukatika vibaya na kivinjari kikaamini faili limekamilika. Linganisha uzito ulioandikwa kwenye tovuti na ulio nao.

Mikono. Hakuna cha kujifunza, na kipo kwenye kila kifaa.

Kinamfaa mwenye mafaili ya chini ya megabaiti 50 hivi, fomu za PDF, nyimbo, matokeo ya mtihani. Kwa hayo sioni sababu ya mtu kusumbuka na kingine.

## Programu ya kupakua

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo watu wanapochanganywa.

Ikikatika. Hii ndiyo kazi iliyofanya programu hizi zizaliwe. Mwaka 1986 Chuck Forsberg alitengeneza Zmodem, utaratibu wa kutuma mafaili kwa modemu ambao uliweza kuendelea pale simu ilipokatikia. Januari 1997 viwango vya HTTP 1.1 vikaingiza jambo hilohilo kwenye wavuti: kompyuta yako inaweza kuiambia seva, "nipe kuanzia baiti ya 702,000,000 na kuendelea," na seva ikitii inajibu kwa namba 206. Programu ya kupakua iitwayo Wget ilitoka 1996, na kijitabu chake chenyewe kinasema imeundwa kwa ajili ya laini za polepole zisizotulia. Curl ya Daniel Stenberg ilifuata 1998. Hizo mbili ni za bure, ndogo, na zinafanya kazi kwenye kompyuta kuukuu.

Kwa Windows huna haja ya kupakua chochote: toleo la 10 tangu mwaka 2018 linakuja na curl ndani. Fungua dirisha la amri, andika curl -C - -O, ruka nafasi, kisha bandika linki ndani ya alama za kunukuu. Ikikatika, bonyeza mshale wa juu kwenye kibodi ili amri irudi, kisha Enter. Inaanza ilipoishia. Kwa wget ni wget -c -t 0 na linki. Ile -t 0 inaiambia isichoke kujaribu, hivyo unaweza kulala. Asiyependa maandishi meupe kwenye dirisha jeusi ana Free Download Manager, na kwenye simu za Android kuna ADM na 1DM, zenye vitufe vya kawaida. IDM (Internet Download Manager) ni nzuri lakini ni ya kulipia baada ya siku 30 za majaribio. Zile nakala zake zilizovunjwa kufuli zinazozunguka kwenye flashi za mitaani usiziguse. Nimesafisha kompyuta nyingi zilizoumizwa nazo.

Angalizo moja. Kama faili limebadilishwa kwenye seva tangu ulipoanza, kuendelea kutakuunganishia kichwa cha faili la zamani na mkia wa jipya. Kwa faili linalotolewa upya kila siku, usiendelee na kipande cha juzi.

Bando. Ndipo programu hizi zinapojilipa. Data inayopotea ni ile ya sekunde za mwisho kabla ya kukatika tu. Nyingi zina saa pia: unaziambia zianze saa sita usiku kama mtandao wako una kifurushi cha usiku, na zisimame kabla hakijaisha.

Sasa kuhusu kugawa faili vipande nane au kumi na sita na kuvivuta kwa pamoja, jambo ambalo programu hizi hujisifia sana. Kwenye modemu, au kwenye E, halina msaada mkubwa. Mlango mwembamba uko kwako. Hata watu kumi na sita wakipanga foleni nje, anapita mmoja. Lakini msaada wake nimewahi kuuona kwa macho, na ulikuwa wa kweli. Kabla ya Julai 2009, waya wa SEACOM ulipofika Dar es Salaam, intaneti kafe nyingi za huku zilitegemea setilaiti, iliyo kilomita zaidi ya 35,000 juu. Kila kifurushi cha data kinahitaji risiti ya kukiri kimepokelewa, na risiti kwenda na kurudi kwa njia ile ilichukua zaidi ya nusu sekunde. Kompyuta za wakati ule zilituma kiasi kidogo kisha zikakaa kusubiri risiti. Ukiwa na njia nane, nane zinasubiri kwa zamu na laini haikai bure. Vivyo hivyo pale seva inapombania kila anayekuja kasi ndogo: ukija mara nne unapata mara nne.

Upande wake mbaya nao niliuona kafe. Kompyuta kumi kwenye laini moja, kijana mmoja akawasha vipande 16, na wateja tisa wakaanza kuita, mmoja wao mama aliyekuwa anajaza fomu ya chuo ya binti yake na dakika zake zinakwisha. Kama laini mnaichangia nyumbani, ofisini au bwenini, weka vipande viwili au vinne, au punguza kasi yako kwa --limit-rate ya wget. Wenzako nao wana mambo yao.

Uzima. Programu hizi zinajua uzito wa faili na zitasema kama limepungua. Kukagua kwamba kila herufi iko mahali pake ni kazi yako: tovuti nyingi huandika namba ndefu ya SHA-256 kando ya faili. Kwenye Windows andika certutil -hashfile, jina la faili, kisha SHA256. Kwenye Linux ni sha256sum. Namba zikilingana, faili ni zima.

Mikono. Saa moja ya kujifunza. Wazee wa miaka 60 nimewafundisha wakaweza. Ugumu uko kwenye linki zinazodai uingie akaunti kwanza. Hapo curl tupu hugonga mwamba, na programu inayoshikamana na kivinjari ndiyo yenye afueni.

Inamfaa mwenye faili la megabaiti 50 hadi gigabaiti chache, laini inayokatika mara kwa mara, na linki ya moja kwa moja.

## Torenti

Ikikatika. Torenti ni njia ya kupakua faili kutoka kwenye kompyuta za wenzako walio nalo, badala ya seva moja, na hapa haina mpinzani. Bram Cohen aliyeibuni mwaka 2001 alilikata faili vipande vingi vidogo, na programu yako inajua kwa kila kimoja kama kipo au hakipo. Zima kompyuta, umeme ukatike siku mbili, hamisha laini kutoka mtandao mmoja hadi mwingine: ukiwasha inahesabu vipande ilivyonavyo na kuendelea. Linki haiishi muda kwa sababu haitegemei seva moja.

Bando. Hapa sasa ndipo pa kuangalia. Torenti inapakua na kupakia kwa wakati mmoja. Unapopokea vipande, nawe unawagawia wengine. Vifurushi vingi vya simu huhesabu kinachotoka kama kinachoingia. Zaidi ya hapo, kwenye laini nyembamba kupakia kunaziba njia ya zile risiti nilizozitaja, na upakuaji wenyewe unazorota. Modemu ya V.90 ilikuwa na 33.6 tu za kutoka. Ukizijaza umejifungia mlango mwenyewe. Weka kikomo cha kupakia, tuseme kilobaiti 3 hadi 5 kwa sekunde kwenye E. Usiweke sifuri, maana wenzako humpa zaidi anayetoa. Na hata pasipo faili linaloshuka, programu inazungumza na wenzake huko nje, data inapungua kidogo kidogo. Ukimaliza, ifunge kabisa.

Uzima. Kila kipande kina alama yake ya hesabu. Kikifika kimeharibika kinatupwa na kuletwa upya hicho tu. Huhitaji certutil.

Mikono. qBittorrent au Transmission kwa kompyuta, LibreTorrent kwa Android. Kujifunza si kazi. Kazi ni kupata faili lenyewe. Lisipokuwa na watu wanaolishikilia, halishuki hata kidogo. Mambo halali yenye wabebaji wengi ni Linux za aina zote, LibreOffice, hifadhi ya Internet Archive, na mafaili ya Kiwix, ambayo ni Wikipedia nzima ya kusoma bila mtandao, ya Kiswahili ikiwamo. Mitihani ya shule yenu huipati huko.

Inamfaa anayetaka faili kubwa sana, lililo maarufu, na asiye na haraka ya wiki hii.

## Flashi ya mjini

Wapo wanaoiona hii kama kushindwa. Mimi naihesabu kuwa njia kamili, tena kwa hesabu.

Chukua flashi ya gigabaiti 32 iliyojaa. Weka saa moja ya kunakili mjini na saa nyingine ya daladala kupanda Kibosho. Gigabaiti 32 ndani ya saa mbili ni kama megabiti 35 kwa sekunde, nyumba kwa nyumba. Hakuna E itakayokaribia hapo, na 4G nyingi nazo zitaachwa.

Ikikatika. Kazi ya kukatika inamhusu mwenye laini nzuri huko mjini, stesheneri, ofisi au ndugu aliye na faiba. Wewe unachoogopa ni safari ya bure, kwa hiyo tuma jina kamili la faili na linki yake mapema, kwa ujumbe, wapakue kabla hujafika.

Bando. Sifuri kwako. Unalipa nauli, na huduma pale stesheneri. Kama una safari ya sokoni hata hivyo, nauli ulikwisha kuihesabu.

Uzima. Hapa ndipo njia hii inapochechemea. Flashi hubeba virusi kutoka kompyuta ya watu wote, hasa vile vinavyoficha folda zako na kuweka njia za mkato badala yake. Ikague na antivairasi kabla hujafungua chochote. Hakikisha imeondolewa kwa utaratibu kabla ya kuchomolewa, na fungua faili pale pale dukani mkiwa wote mnaliona. Enzi za diski laini za 1.44 tulilikata faili la megabaiti 10 likaenea diski kama saba, na ya tano ikikataa kusomeka mlimani, zile sita zilikuwa plastiki tu. Flashi imetuondolea adha hiyo, lakini imekuja na yake: iliyopangiliwa kwa FAT32 haipokei faili moja linalozidi gigabaiti 4. Kila wiki kuna mtu ananiambia flashi ina nafasi lakini inakataa. Ipangilie upya kwa exFAT, ukumbuke kwamba hilo linafuta kila kilichomo.

Mikono. Mtoto anaweza. Inahitaji mtu unayemwamini upande wa mjini.

Inamfaa mwenye gigabaiti nyingi kwa mara moja, shule inayohitaji nakala ishirini za kitu kilekile, na yeyote anayeshuka mjini angalau mara moja kwa wiki.

## Punguza mzigo kabla ya kubeba

Hili linahusu njia zote nne. Wikipedia ya Kiingereza yenye picha zote kwenye Kiwix inazidi gigabaiti 100. Ileile bila picha ni kama nusu yake, na yenye utangulizi wa makala tu ni ndogo mara kadhaa. Kiwix huandika toleo lipi ni lipi. Video ya somo la ubaoni inasomeka vizuri kwa 480p. Kitabu kilichopigwa picha ukurasa kwa ukurasa mara nyingi kina ndugu yake wa maandishi aliye mwepesi mara kumi. Tafuta kidogo kabla ya kubonyeza.

Usitegemee kubana faili ambalo limeshabanwa. Modemu za zamani zilikuwa na V.42bis, iliyobana data ikiwa njiani. Maandishi yalikwenda kasi hadi ukashangaa, lakini zip, MP3 na JPEG hazikuongezeka hata kidogo kwa sababu hazina tena hewa ya kutoa. Ndivyo ilivyo hata leo kwa vivinjari vinavyobana kurasa kama Opera Mini: kurasa zinakuwa nyepesi, faili la zip linabaki na uzito wake.

Na kwa ofisi zinazotumiana faili kubwa lilelile kila siku baina ya Arusha na Moshi, kuna rsync, iliyotengenezwa mwaka 1996. Inalinganisha nakala mbili na kutuma tofauti tu. Daftari la megabaiti 200 lililobadilika mistari kumi, linalohifadhiwa bila kubanwa, husafiri kwa sehemu ndogo sana ya uzito wake.

## Hali yako ni ipi

Uko mjini, laini inakatika kwa nadra, faili ni dogo: baki na kivinjari, ila jifunze Ctrl+J na kitufe cha kuendelea. Usirudi kubonyeza linki.

Uko Machame au Tengeru juu, simu inacheza kati ya 3G na E, faili ni la megabaiti mia kadhaa na linki ni ya moja kwa moja: wget au curl, usiku, simu ikiwa dirishani kwenye chaja. Kama umeme wenu ni wa mashaka, kompyuta ndogo yenye betri nzima ni bora kuliko ya mezani yenye nguvu.

Mnachangia laini moja watu wengi: programu ya kupakua yenye kikomo cha kasi, vipande viwili tu, na mwambiane nani anapakua nini. Wawili wakitaka faili moja, apakue mmoja.

Unataka Linux nzima au Wikipedia nzima na una mwezi mmoja: torenti, kupakia kukiwa na kikomo. Una siku mbili: flashi.

Una simu tu, huna kompyuta: ADM au 1DM, na uhakikishe mfumo wa kuokoa betri hauiui programu skrini inapozima. Hilo ndilo linalowakwamisha wengi wa simu, kuliko mtandao wenyewe.

Una akaunti ya kuingia kwanza, linki inaisha baada ya saa chache, na laini ni E: usipigane nayo. Mtumie linki mtu wa mjini, akushushie.

Na kama uko kama mwalimu, una vipande vilivyokwama na bando limekwisha kuliwa, usivifute kwanza. Chukua kilicho kikubwa kuliko vyote, kinakili pembeni kwa usalama, kisha ukipe jina halisi la faili, bila .crdownload na bila namba. Ndivyo tulivyofanya. Kile cha megabaiti 702 tulikiweka kwenye folda yake, tukaunganisha simu yake mwenyewe kwa kebo ili aone kwa laini yake, nikaandika curl -C - -O na linki. Seva ikakubali. Badala ya 900, ilianza kuhesabu 198 zilizosalia. Mtandao ulikata mara mbili. Mara ya kwanza nilibonyeza mshale wa juu mimi, mara ya pili alibonyeza yeye. Lilipokamilika tulilijaribu kwa 7-Zip, ambayo ina kitufe cha kukagua zip bila kuifungua, kwa kuwa kila faili lililomo ndani ya zip limeandikiwa hesabu yake ya uzima. Halikutoa kosa hata moja. Vile vipande vingine vitatu alivifuta mwenyewe.